Tumbo Lisilo na Alama

Mama mkwe wa Kinasih Palupi hakuwahi kuficha yaliyomo moyoni mwake. Kila Idi, ukoo mzima ukiwa umejazana mkekani unakula ketupat, wali wa kuchemshwa ndani ya makuti, na mchuzi mzito wa nazi, lazima aseme kwa sauti ya kufika jikoni: "Huyu Asih kasoma mpaka kaota mvi, kumbe kazi yenyewe kutazama picha! Si bora angefungua studio, angalau tungepigwa za harusi bure." Watu wanaangua kicheko, Asih naye anacheka, anajiongezea mchuzi. Alishazoea. Mji wote wa Kaliwungon, hapa chini ya Mlima Lawu, ulimjua hivyo hivyo: daktari wa picha wa hospitali ya wilaya, yule mnene mnene anayevaa sweta jua likiwa utosini, kwa sababu chumba chake kina kiyoyozi cha kugandisha samaki.

Jambo la pili lililojulikana ni sauti yake. Alizaliwa nyuma ya kiwanda kidogo cha tofu kando ya mto, na tangu anajifunza kusema ilibidi ashindane na mashine ya kusagia soya. Ukitaka wali, piga kelele. Ukitaka kwenda chooni, piga kelele. Sasa huku kwetu Java watu huongea kana kwamba kuna mtoto mchanga amelala chumba cha pili. Kukasirika mbele za watu ni aibu kuliko kuiba kuku. Mtu anakukanyaga mguu, halafu wewe ndiye unayeomba radhi! Basi watu walimwonea Asih huruma kwa ile sauti, kama anavyoonewa huruma mtu mwenye kengeza, na yeye mwenyewe alijitahidi kuipunguza. Alijitahidi miaka mingi. Nawaambia mapema kwamba ilikuwa bidii ya bure, na Mungu ashukuriwe kwa hilo.

Kazini alikaa gizani mbele ya skrini, akigombana na picha. "Wewe ini, umekunywa nini?" "Na haya mawe, nani kayaalika humu?" Ning, fundi wa mashine za eksirei na CT, mwanamke mwembamba asiyekosa kitu cha kutafuna, alikuwa akimsikiliza huku akimenya matunda ya salak.

"Wagonjwa wako hawakujibu, Dok," Ning humtania. "Ndiyo maana unawapenda."

"Siku watakayonijibu nitahama kazi."

Hayo ndiyo yalikuwa maisha yake: picha, salak, mume mpole mwenye duka la vipuri vya pampu, na Idi ya kusimangwa. Mpaka alipoletwa Panji.

Panji alikuwa na miaka minne. Alimleta hospitali baba yake, Sadewo, mwalimu wa michezo wa shule ya msingi ya serikali. Kijana mtanashati, anainamisha mgongo akipita mbele ya wakubwa, anawajua wauguzi kwa majina, na baba yake mzazi, Bwana Marsudi, au Pak Marsudi kwa kwetu, ndiye Lurah, yaani mkuu wa kijiji chao. Nani angemshuku mtu kama huyo? Alisema mtoto ameteleza kwenye kizingiti cha bafu, na tangu hapo anatapika. Daktari wa dharura akamfunua mtoto shati. Mgongoni akakuta mistari myekundu imepangwa kutoka uti wa mgongo kwenda ubavuni, kama mifupa ya samaki. Daktari akatabasamu.

"Bibi yake amefika, naona."

"Amefika jana kutoka mlimani," Sadewo akajibu, naye akatabasamu.

Hapo ndipo penye kosa letu, na ni letu sisi wenyewe. Mgeni kutoka mbali akiiona mistari ile angepiga yowe na kuita polisi. Sisi inatutuliza. Nani kati yetu hajawahi kulala kifudifudi akakwaruzwa mgongo kwa sarafu na mafuta mpaka upepo umtoke? Tukiiona tunajua habari yote: mtoto kaingiwa na upepo, bibi kamkwaruza, kesho ataomba wali. Roho zinatua, na macho yanafumbwa papo hapo. Basi Panji akapewa dawa ya maji na kitanda. Hakuna aliyeuliza zaidi, jamani, hata mmoja! Kesho yake alipoanza kutapika kijani kibichi ndipo mtu akakumbuka kwamba hospitali ina daktari wa picha.

Aliletwa kwenye chumba cha altrasaundi, mama yake akimsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Mama huyu, Wiji, alikuwa msichana tu, anatazama sakafu, anaitikia "ndiyo, Dok" kabla hata hajaulizwa.

"Njoo, Le, kijana wangu," Asih akamwambia mtoto. "Tuangalie kama umemeza pikipiki ya baba."

Mtoto hakucheka. Tumbo lake lilikuwa safi, ngozi nyororo, hakuna hata mkwaruzo. Asih akapaka ile dawa ya utelezi, akagusa kwa kifaa juu kidogo ya kitovu, na mtoto akakaza meno. Hakutoa sauti. Machozi yalitiririka pembeni kuelekea masikioni, lakini sauti hapana. Mtoto wa miaka minne akiumwa hulia, ndiyo kazi yake duniani. Huyu alikuwa amefundishwa kutolia, na Asih alitaka sana kujua mwalimu wake ni nani.

Kwenye skrini aliona majimaji mahali pasipopaswa kuwa na majimaji, na ukuta wa utumbo ulionenepa vibaya. Akaagiza CT saa hiyo hiyo. Picha zilipoanza kuingia, alizitembeza juu chini, juu chini, bila kuzigombeza. Ning akaacha kumenya salak. Asih akinyamaza, ujue kuna jambo.

"Ning, funga mlango."

"Kuna nini?"

"Njoo uone. Hapa." Alimwonyesha kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba, pale chakula kinapotoka tumboni. Ukuta wake ulikuwa umejaa damu iliyoganda mpaka njia imeziba, ndiyo maana kila kilichoingia kilirudi. Nyuma yake, kongosho lilikuwa na ufa. "Utumbo huu umelala juu ya mifupa ya mgongo, hauna pa kukimbilia. Kitu kidogo kigumu kikija kwa nguvu kutoka mbele, unasagwa katikati. Ngumi. Kisigino. Na ngozi ya tumbo la mtoto ni laini, inalipitisha pigo lote ndani, yenyewe inabaki kama unavyoiona. Kizingiti cha bafu hakifanyi hivi, hata uanguke mara mia."

Ning aliuma mdomo. "Labda baiskeli? Kile kishikio?"

"Kishikio cha baiskeli kinaweza. Nitamuuliza baba yake kabla sijamsingizia mtu." Halafu akasogeza picha, akazifikia mbavu za chini, na hapo ndipo damu ilipomchemka. Mbavu mbili, nyuma kabisa, karibu na uti wa mgongo, zilikuwa na mafundo ya mfupa mpya. Zilivunjika, zikaachwa, zikaanza kujiunga zenyewe. Hilo lilikuwa jambo la wiki kadhaa nyuma. Mbavu za mtoto hupindika, hazivunjiki ovyo. Pale nyuma huvunjika mtu mzima anapomshika mtoto kifuani kwa mikono miwili akambana kwa nguvu zake zote.

"Mbwa!" Asih akafoka, na ile sauti ya kiwanda cha tofu ikapenya mlango uliofungwa. "Mbwa mkubwa huyu!"

Korido nzima wakageuza shingo.

Alitoka nje. Sadewo alikuwa kwenye benchi, akasimama haraka akainama kwa adabu.

"Pak, Panji anaendesha baiskeli?"

"Baiskeli, Dok? Hapana, bado mdogo. Hata ya magurudumu matatu hana."

"Amewahi kugongwa na pikipiki? Amekaa mbele ukafunga breki ghafla?"

"La, Dok. Ni bafuni tu, nilivyosema. Watoto wa kiume si unawajua." Akacheka kidogo. Kucheka! Asih alishika mlango ili mkono wake upate kazi ya kufanya.

Ripoti za daktari wa picha zina adabu zake. Humalizia kwa maneno ya kujikinga: tafadhali linganisha na hali ya mgonjwa, uwezekano ni huu, labda ni ule. Asih alikuwa ameyaandika maneno hayo maisha yake yote, kama sisi tunavyosema "samahani" tukipita. Mara hii aliandika wazi: haya ni majeraha ya pigo la nguvu tumboni, hayalingani na maelezo ya kuteleza bafuni, mbavu zilivunjika zamani zaidi, mtoto huyu anapigwa. Akatia jina lake.

Daktari wa upasuaji alisema ufa ni mdogo, hapana haja ya kisu. Panji aliwekewa mpira puani na dripu, tumbo likapumzishwa, na Mungu naye akasaidia. Siku zikapita, damu ikaanza kuyeyuka, njia ikafunguka. Mtoto akaanza kukaa kitandani na kunywa uji wa mchele. Wauguzi wakafurahi. Asih peke yake ndiye alizidi kukosa usingizi, maana mtoto akipona anaruhusiwa, na akiruhusiwa anarudi nyumbani. Nyumbani kwa nani? Mara ya kwanza mbavu. Mara ya pili utumbo. Ya tatu angeletewa nini, sanda?

Mkurugenzi wa hospitali, Daktari Hendarto, alimwita ofisini. Mtu mzuri tu, wa kumpaka kila mtu mafuta, miezi michache kabla ya kustaafu.

"Bu Asih, mama, ripoti yako ni kali mno."

"Jeraha ndilo kali, Pak."

"Sisemi uongo uandikwe. Nasema tu sentensi moja iongezwe. Kwamba haiwezi kukanushwa kuwa chanzo ni bibi kumkanda tumbo. Maana yule bibi mwenyewe amekiri."

"Amekiri nini?"

"Alimkanda kwa nguvu. Wazee wetu hawa, unawajua. Kesho asubuhi tunakaa na Pak Lurah, bibi anatia sahihi maelezo yake, anaomba radhi, yanaisha kifamilia. Mtoto anarudi kwao. Hakuna anayeaibika."

Kifamilia! Neno hilo huku kwetu ni tamu kama sukari ya mnazi. Majirani wakigombania mpaka, kifamilia. Mtu akiangusha ukuta wa mwenzake, kifamilia. Nami sikatai, limeponya mengi. Lakini mtoto anapondwa utumbo halafu mnamfunika kwa neno hilo hilo? Nani amewapa ruhusa?

Mchana ule Asih alimtuma Ning amlete huyo bibi. Mbah Ginah, yaani Bibi Ginah, mama yake Wiji, aliingia amevua ndala mlangoni, kibibi kikavu kilichovaa blauzi ya kebaya iliyopauka. Kabla hajakaribishwa kiti akaanza kukariri.

"Ni mimi, Dok. Nilimkanda kwa nguvu. Mimi mjinga, mtu wa shamba. Naomba radhi."

Asih aliitazama mikono ile iliyolala mapajani. Akili ikamcheza.

"Mbah, mimi kichwa kinaniuma tangu juzi na mabega yamekaza. Sarafu unayo?"

"Hapa? Hospitali?"

"Hapa. Ning, leta mafuta ya kuchua kwenye mkoba wangu."

Basi daktari bingwa wa radiolojia akavua sweta, akalala kifudifudi kwenye kitanda cha altrasaundi, na Mbah Ginah akatoa sarafu kutoka kwenye kifundo cha kitambaa. Mara mikono yake ilipogusa mgongo, kibibi kilibadilika. Hakikuwa tena mtu wa kukariri.

"Lo, lo, lo! Nduk, binti yangu, upepo umekujaa! Ning, hebu ona wekundu huu. Mumeo anafanya kazi gani? Hata kukukwaruza mgongo hajui?"

"Anauza vipuri, Mbah. Migongo hajui."

"Ndiyo wanaume. Tulia. Unajikaza kama nguzo."

Ning alikuwa akicheka mpaka anajishika ukuta. Sarafu ilipanda na kushuka, shingoni, mabegani, imara lakini laini, na kichwa cha Asih kikaanza kweli kuwa chepesi.

"Na tumbo la Panji, Mbah," akauliza, uso ukiwa kwenye mto. "Tumbo ulilikandaje?"

"Tumbo? Wewe vipi! Mtoto anatapika, unamkandaje tumbo? Mimi nimezalisha nusu ya kijiji, nifanye ujinga huo? Tumbo unalipaka mafuta kwa vidole viwili tu, basi, unalifu..."

Sarafu ikasimama. Mbah Ginah akaziba mdomo kwa mkono wenye mafuta.

Asih akakaa, akajifunika. "Nani kakwambia useme ni wewe?"

 Ning alimletea maji, akayashika tu. Mwisho akasema, kwa sauti ndogo, kwamba Pak Lurah alimfuata wodini, akaketi kwa heshima, akamwita Mbah, akamletea hata keki ya wali. Akamwambia: Mbah, wewe umeshazeeka, hakuna atakayekufunga. Sadewo ni mtumishi wa serikali, akipata doa anafukuzwa kazi. Akifukuzwa, mwanao atakula nini? Mjukuu wako atakula nini?

"Mimi nilikuja baada ya mtoto kuanza kutapika," akasema. "Nilikuwa shambani nang'oa mihogo tangu mvua zilipokatika. Wiji akapiga simu akisema njoo, Mak. Nilipofika mkwe wangu ndiye aliyeniambia nimkwaruze mtoto. Alinihimiza, Nduk. Akanipa na sarafu."

Asih alimkodolea macho. Kwa hiyo yule mtu alijua! Alijua daktari wa dharura ataona nini mgongoni, alijua sote tutatabasamu. Alitutumia mila yetu kama pazia, na mikono ya mama mkwe wake kulifunga hilo pazia. Asih aliwahi kuwakasirikia watu wengi maishani, ila hasira ya mchana ule ilimpa baridi kuliko kiyoyozi.

"Usitie sahihi, Mbah."

"Nisipotia, Wiji wangu atakula nini?"

"Ukitia, Panji atarudi kwake. Mbavu zake zilivunjwa ukiwa huko kwenye mihogo. Nimeziona."

Mbah Ginah hakujua habari za mbavu. Hakuna aliyemwambia. Aliuliza, "Mbavu zipi?" na Asih akamwonyesha kwa kuzigusa mbavu za Ning, hapa na hapa. Bibi akazigusa mwenyewe kwa vidole viwili, akavaa ndala, akaondoka.

Asih akanyanyua simu, akapiga dawati la polisi la wanawake na watoto. Hakumwomba mkurugenzi ruhusa.

Asubuhi, meza ya mkurugenzi iliandaliwa vikombe vya chai tamu na tempe, vile vipande vya soya, ya kukaanga, pilipili mbichi pembeni, kana kwamba ni posa. Pak Marsudi, yule Lurah, alikuwa amevaa batiki yake ya sherehe. Sadewo kando yake, mikono mapajani. Wiji na mama yake upande wa pili. Katikati, karatasi yenye stempu ya serikali na kalamu juu yake. Lurah alikuwa ameshaanza kuzungumza juu ya umri wa wazee na maarifa ya kizamani, polepole, kwa Kijava cha juu, cha kubembelezea, ndipo Asih alipoingia na kompyuta yake kwapani. Hakuwa na sweta. Alikuwa amebana nywele juu, na shingo yote, mpaka mabegani ambapo kola iliishia, ilikuwa mistari myekundu.

"Bu Asih, vipi, unaumwa?" mkurugenzi akauliza.

"Nilikuwa naumwa. Jana Mbah Ginah kanikwaruza kwa mikono hii hii mnayotaka itie sahihi. Nimelala fofofo. Sijatapika, Pak Lurah. Unataka kunipima tumbo?"

Lurah alicheka kwa adabu. "Bu Dokter anapenda utani."

"Sina utani hata chembe." Akaifungua kompyuta, akaigeuzia kwao. "Huu ni utumbo wa mjukuu wako. Hapa umepondwa kwenye mfupa. Mkono wa kukanda hauna nguvu hii, na Mbah hakuligusa tumbo kwa kulikanda."

"Punguza sauti kidogo, Bu," mkurugenzi akanong'ona. "Wodini wanasikia."

"Wasikie! Mimi sauti yangu ndiyo hii."

"Labda basi ni baiskeli," Lurah akasema, bado mtulivu. "Watoto hawa na baiskeli. Nilimwona mwenyewe akianguka."

"Baiskeli gani? Baba yake kaniambia kwa mdomo wake hana, hata ya magurudumu matatu."

Lurah akamgeukia mwanawe. Sadewo akameza mate. "Ya jirani, pengine."

"Pengine! Na hizi?" Asih akasogeza picha. "Mbavu mbili. Zimevunjwa kwa kubanwa na mikono ya mtu mzima, wiki kadhaa kabla ya tumbo. Mbah alikuwa anang'oa mihogo. Baiskeli ya jirani nayo ina mikono?"

 Sadewo alikuwa amekuwa mwekundu masikioni. Huyu ni mtu aliyezoea kupuliza filimbi na watoto wakasimama. Hakuwahi kusemeshwa hivyo na mwanamke, tena mbele ya baba yake.

"Mtoto wa kiume lazima afunzwe," akasema, sauti ikiwa imepanda. "Nyinyi mnamlea kama yai. Amemwaga chakula makusudi, nikamgusa. Mara moja tu! Ni mwanangu, si mwenu. Mara moja!"

Alipolitamka ndipo masikio yake yaliposikia alichosema.

Mtu angedhani yameisha hapo. Ng'o! Pak Marsudi alivuta pumzi, akanywa funda la chai, na uso wake ukarudi laini vile vile. "Basi, amekiri," akasema. "Mwanamume kukiri si jambo dogo. Ameomba radhi, sote tumeumia. Tubadilishe maneno kidogo kwenye karatasi, bibi atie sahihi kwamba amesamehe kwa niaba ya mtoto, tumalize kifamilia." Akaisogeza karatasi mbele ya Mbah Ginah, akamwekea na kalamu mkononi. Mkurugenzi, Mungu amsamehe, alitikisa kichwa kukubali.

Asih alifungua mdomo, lakini Mbah Ginah alimwinulia kiganja kumzuia. Kibibi kile kiliitazama kalamu kana kwamba hakijui ni kitu gani. Kisha kikairudisha juu ya meza, mbele ya Lurah.

"Kifamilia?" akasema. "Familia ya Panji ni mimi. Nami sisamehi."

"Mbah, fikiria mwanao atakula nini."

"Atakula mihogo."

Ndipo mlango ulipobishwa, akaingia yule afisa wa dawati la wanawake na watoto, mwanamke wa makamo aliyevaa sare na hijabu ya kahawia, na askari mmoja nyuma yake. Akasalimia kila mtu kwa zamu, kama inavyopasa. Akasikiliza maneno ya Asih, akazitazama picha, akamtazama Sadewo, ambaye sasa alikuwa akisema kwamba hakusema alichosema, kwamba daktari alimchanganya, kwamba pale nyumbani watu ni wengi na yeyote angeweza. Baba yake akamshika goti anyamaze.

"Sawa, Pak Mwalimu," afisa akasema. "Picha zinasema mtoto kapigwa. Hazisemi na nani. Mtoto hajaongea tangu afike. Mbali na wewe, nyumbani alikuwepo nani?"

Sadewo akamtazama baba yake. Asih akaifunga kompyuta yake. Hilo la picha lilikuwa kweli, na lilikuwa nje ya uwezo wa mashine zake. Bila mtu aliyeona kwa macho, yule mwalimu angekanusha leo, kesho angeleta wakili, na keshokutwa Panji angepandishwa kwenye pikipiki yake kupelekwa nyumbani.

Upande wa pili wa meza, Wiji, ambaye tangu asubuhi macho yake hayajaondoka sakafuni, aliinua mkono. Aliuinua wima, kiwiko kimenyooka, kama wanafunzi wa mumewe wanavyofanya uwanjani wakitaka ruhusa.

"Mimi," akasema. "Nilikuwepo. Mara zote."

Na akaendelea kuushikilia juu hivyo hivyo, mpaka yule afisa alipomwambia kwa upole kwamba anaweza kuushusha.